Kizuri Chajiuza? Vijana wa Besiboli na Maonyesho ya Kulipia

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumelelewa nayo huku Pwani, na mzee yeyote wa Mji wa Kale, wa Lamu ama wa Malindi, akimwona kijana anayejipigia debe barazani humkumbusha mara moja. Lakini huko Marekani uko mchezo ambao vijana wake hufundishwa kinyume cha hayo. Kijana wa shule ya upili anayecheza besiboli huambiwa kwamba asipojitembeza hatauzika, hata awe hodari namna gani; na huko kujitembeza kwenyewe kuna ada yake, tena ada nzito.

Soko la kujitembeza huko ni maonyesho ya wachezaji. Kampuni hukodi uwanja, ikawaalika makocha wa vyuo vikuu na watu wanaotafuta vipawa kwa niaba ya klabu za kulipwa, kisha ikawatoza wazazi ada ili watoto wao watazamwe. Biashara hii ilishamiri tangu miaka ya 1990, na leo karibu kila jimbo lina maonyesho yake. Swali linalowakosesha wazazi usingizi ni moja: je, fedha hizo zinafaa kutolewa?

Swali hilo lilinifikia kwa mlango wa udugu. Dadangu anaishi katika jimbo la Ohio pamoja na mumewe, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kijana wao wa kwanza ana miaka 16, amemaliza mwaka wa pili wa shule ya upili, na katika timu ya shule yake yeye ndiye mrushaji. Nilipowatembelea nilikuta barua mezani iliyomwalika kwenye maonyesho ya siku mbili huko Florida, mwezi wa Julai. Ada, nauli, hoteli na chakula vikijumlishwa vilikaribia dola 1,800, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za Kenya. Fedha hizo zilikuwapo, lakini zilikuwa zimewekwa kwa jambo jingine: nauli ya kijana kuja Mombasa wakati wa likizo, akamwone bibi yake ambaye hawajaonana kwa miaka 6. Kwa kuwa mimi ni mjomba, na mjomba kwa desturi yetu hana ruhusa ya kunyamaza, nilitakiwa nitoe shauri. Niliomba muda, nikaenda kuuliza, kutazama na kuhesabu.

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, akumbuke raunda inayochezwa na wasichana wa shule zetu, ama kriketi inayochezwa Mombasa tangu zama za ukoloni. Besiboli ni jamaa yao. Viko vituo vinne vilivyopangwa pembe nne, kila kimoja futi 90 kutoka kwa mwenzake. Mrushaji husimama kwenye kituta katikati ya uwanja, futi 60 na inchi 6 kutoka anaposimama mpigaji mwenye gongo. Mpira hurushwa kwa nguvu, na mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua apige ama auache upite. Ndiyo maana kasi ya mkono wa mrushaji imegeuka kuwa dhahabu, na wanaotafuta vipawa hutembea na mashine ya rada mkononi kama askari wa trafiki.

Nilikwenda kutazama maonyesho madogo ya siku moja, si mbali na nyumbani kwa dadangu. Vijana walikuwa zaidi ya mia, kila mmoja ana nambari mgongoni. Kwanza walikimbia yadi 60, mmoja baada ya mwingine, huku mtu akiwapima kwa saa. Sekunde 7 ni mwendo wa kawaida. Anayeshuka chini ya 6.8 hutazamwa mara ya pili. Wapigaji walipimwa kasi ya mpira unavyotoka kwenye gongo. Wadakaji walipimwa muda tangu mpira utue ndani ya glavu hadi ufike kwa mwenzao wa kituo cha pili, umbali unaopita futi 127. Sekunde 2 ni muda wa kusifika. Warushaji nao walipewa mipira michache tu kila mmoja, na macho yote yakawa kwenye nambari za rada.

Nje ya ua walisimama wazazi. Hawakuwa wakishangilia kama tunavyoshangilia kandanda. Walikuwa kimya, wengine na kalamu na karatasi, wakiandika nambari za watoto wao na za watoto wa wenzao. Nilikumbuka mnada wa mifugo wa Mariakani, ila pale Mariakani mwenye ng'ombe hulipwa, na hapa mwenye ng'ombe ndiye anayelipa.

Siwadharau wenye maonyesho. Kazi wanayoifanya ni kazi. Kocha mmoja wa chuo akisimama uwanjani siku moja huwaona vijana ambao ingemchukua mwezi mzima kuwazungukia shuleni kwao. Nambari hizo na picha za video huhifadhiwa, zikaweza kutazamwa na makocha ambao hawakufika. Shemeji yangu alinieleza jambo hili kwa uchungu. "Shule yetu ni ndogo," alisema. "Timu haishindi. Ni nani atakayekuja kumwona mwanangu huku?" Hoja yake ina uzito, na mtu asiikejeli kwa methali tu.

HESABU

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hivyo tufungue daftari. Kwa hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi, katika kila vijana 100 wanaocheza besiboli shule za upili, takriban 7 tu ndio wanaofika kucheza katika vyuo vya chama hicho. Wanaofika Divisheni ya Kwanza, ambako ndiko kwenye sifa na kamera, ni takriban 2 katika 100.

Na hao wanaofika wasidhaniwe kuwa wote husomeshwa bure. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa kutoa misaada kamili ya masomo 11.7 pekee, ikagawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27. Wengi wakapata robo ya karo au thuluthi. Kuanzia msimu wa 2025-26, kufuatia suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na mahakama mwezi wa Juni 2025, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vinaweza kumsaidia kila mchezaji, lakini timu isizidi watu 34. Kuweza si kutoa, na mlango wenyewe umekuwa mwembamba. Divisheni ya Tatu haitoi msaada wowote kwa ajili ya michezo. Msaada wake hutokana na alama za darasani na hali ya mzazi. Vyuo vya miaka miwili navyo vina chama chao, na timu za ngazi ya juu humo huruhusiwa kutoa misaada 24.

Liko na jambo jingine lililobadilika. Tangu mwaka wa 2018 mwanafunzi wa chuo anayetaka kuhama huandikisha jina lake katika orodha maalumu, na kanuni zilizofuata zimemrahisishia kucheza mara moja anakohamia. Kocha sasa anaweza kumchukua kijana wa miaka 21 aliyekwisha kujaribiwa, badala ya kumlea wa miaka 17. Hivyo kijana wa shule ya upili hashindani na wenzake wa rika moja tu, anashindana na watu wazima wenye ndevu.

Tena kanuni za NCAA zilizobadilishwa mwaka wa 2023 zinamkataza kocha wa Divisheni ya Kwanza kuzungumza na kijana wa besiboli juu ya kumsajili kabla ya tarehe 1 Agosti inayotangulia mwaka wake wa tatu wa shule ya upili. Barua ya mpwa wangu ilimwita Julai. Hata kama angetokea kocha wa chuo kikubwa akapendezwa naye, asingeweza kumwita pembeni siku ile wakasemezana.

BARUA YA MWALIKO

Barua ile ilikuwa na jina la kijana, maneno matamu, na neno "umechaguliwa". Dadangu aliihifadhi kama cheti. Nilipomuuliza kocha wa shule, alitabasamu akaniambia kwamba vijana 6 wa timu yake wamepata barua kama hiyo, na mmoja wao hakucheza msimu mzima.

Yafaa mzazi ajue kupambanua. Yako maonyesho ambayo mtu haingii kwa fedha zake. Mathalani Area Code Games, yaliyoanza mwaka wa 1987, huwa na vijana waliochujwa na watu wa klabu za kulipwa. Mwaliko wa namna hiyo ni heshima, na anayeupata aende. Yako mengine ya wazi, anayelipa huingia. Na ziko kambi za mafunzo zinazofanywa na vyuo vyenyewe. Hizi zina faida moja kubwa: kocha anayekufundisha ndiye anayechagua timu. Lakini hata hapo mwaliko usimlewesha mtu, kwa sababu kanuni za NCAA zinataka kambi ya chuo iwe wazi kwa kila kijana wa umri na darasa lililotajwa, mradi nafasi zipo. Kwa hivyo barua ya kambi peke yake si dalili ya kutakiwa. Dalili ni pale kocha anapomwandikia kijana kwa jina, akataja mchezo aliouona ama video aliyoitazama, na akauliza alama zake za hisabati.

MKONO HAUNUNULIWI

Fedha zikipotea hutafutwa nyingine. Mkono ukikatika kano ni msiba wa aina nyingine. Mwaka wa 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji mrushaji Tommy John, akachukua kano mahali pengine mwilini akaipandikiza kwenye kiwiko. John alirudi uwanjani mwaka wa 1976, na upasuaji huo ukaitwa kwa jina lake. Ulikuwa tiba ya wakongwe. Sasa hufanyiwa hata watoto wa shule.

Utafiti wa madaktari wa Birmingham, jimbo la Alabama, uliochapishwa mwaka wa 2006, uliwalinganisha vijana warushaji 95 waliopasuliwa bega ama kiwiko na wengine 45 ambao hawakupata kuumia sana. Waliokuwa wakirusha mashindanoni zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa katika hatari ya kupasuliwa mara 5 kuliko wenzao. Waliozoea kurusha huku mkono umechoka, mara 36. Na lipo jambo lililonifanya nisome mara mbili: waliopasuliwa walikuwa wamehudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko wale wazima.

Sababu haihitaji udaktari. Katika mechi ya kawaida mrushaji hutumia akili. Hubadilisha kasi, humdanganya mpigaji, hutunza nguvu. Mbele ya rada hana wa kumdanganya. Ana mipira michache, na kila mmoja anataka uwe wa kasi kuliko wote aliopata kurusha maishani. Isitoshe, maonyesho mengi huja wakati shule zimefungwa, ambao ndio wakati wa mkono kupumzika. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2014 na ligi kuu ya Marekani pamoja na chama cha USA Baseball unashauri kijana wa miaka 15 hadi 18 apumzike angalau miezi 4 kila mwaka bila kurusha mashindanoni. Na ripoti ya ligi hiyo hiyo juu ya majeraha ya warushaji, iliyotoka Desemba 2024, iliitaja mbio ya kutafuta kasi kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

JE, KUJIONYESHA NI AIBU?

Hapa tulizungumza usiku kucha, mimi na dadangu. Yeye alikuwa na dukuduku ambalo mumewe hakulijua. "Kaka," aliniambia, "sisi tulifundishwa mtoto asijisifu. Huyu anaambiwa ajirekodi video, awaandikie watu asiowajua, awaambie yeye ni hodari. Si riya hiyo?"

Nilimjibu kwamba kusema kweli juu ya kazi unayoiweza, mbele ya mtu anayeitafuta kazi hiyo, si kujigamba. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alijitaja mwenyewe mbele ya mfalme wa Misri kuwa anaweza kuzisimamia hazina za nchi, na hakuna aliyemwita mwenye majivuno, kwa sababu aliyoyasema alikuwa nayo. Aibu ni kujitembeza na usichokuwa nacho. Kijana akimwandikia kocha barua fupi ya adabu, akataja umri, alama zake za masomo, kasi yake ya kweli bila kuongeza hata maili moja, hajavunja mila ya mtu.

Na methali yetu nayo tuielewe vizuri. Kizuri chajiuza, naam, lakini sharti kwanza kionekane. Majirani zetu wa Uganda ni ushahidi. Mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, na wakaifunga timu ya Oregon. Tangu hapo macho yakageukia Uganda, na mwaka wa 2023 klabu ya Pittsburgh Pirates ikamsajili mrushaji David Matoma kutoka nchi hiyo. Mbele yake, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alionekana akiwa mafunzoni Italia, akasajiliwa mwaka wa 2008, na mwaka wa 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Hao walikuwa na kitu cha kuonyesha kabla ya kuonyeshwa.

Kuonekana nako si kukubaliwa. Albert Pujols, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyehamia Marekani akiwa kijana, alichezea shule ya upili Missouri na kisha chuo cha miaka miwili, na wataalamu walimwona. Mwaka wa 1999 walichaguliwa wachezaji 401 kabla yake. Alipostaafu mwaka wa 2022 alikuwa amepiga mipira 703 nje ya uwanja. Rada na saa hupima mengi, lakini hazipimi yote.

SHAURI LA MJOMBA

Baada ya kuyakusanya hayo niliwaita wote watatu sebuleni. Niliwaambia kwamba maonyesho ni kama mizani ya mvuvi pale ufuoni. Mizani haimnenepeshi samaki. Ukimpeleka samaki wa kilo tano, itasema kilo tano na wanunuzi watakuja. Ukimpeleka wa kilo moja, itasema kilo moja mbele ya watu wote, na ada ya mizani umeshalipa. Kwa hivyo kabla ya kulipa, mzazi ajiulize maswali matatu.

La kwanza: nambari zimefika? Mpwa wangu hurusha maili 79 kwa saa. Kwa umri wake si haba, lakini vyuo vikubwa hutafuta wanaokaribia maili 90 ama kuzipita. Rada ya kocha wa shule ilikwisha kumwambia hilo bila malipo. La pili: ni nani hasa atakayekuwapo, na je, anamtafuta mchezaji wa aina yake? Barua ilisema "makocha wengi", bila kutaja chuo hata kimoja. La tatu: fedha na mkono vinatoka wapi? Hapa fedha zilitoka kwenye nauli ya kumwona bibi, na mkono ulikuwa umetoka kwenye msimu mzima wa shule bila kupumzika.

Majibu yakiwa mazuri yote matatu, lipa uende, tena uende mapema. Kijana aliyefika kiwango, aliyekwisha kuandikiana na makocha kadhaa, akajua kwamba hao watakuwapo uwanjani siku fulani, kwake yeye maonyesho ni fedha zilizotumiwa vyema. Kwa mpwa wangu wakati haukuwa umefika. Shauri langu lilikuwa asiende Florida mwaka huo. Aandike orodha ya vyuo 20 vya Ohio na majimbo ya jirani, vya Divisheni ya Tatu na vya miaka miwili vikiwemo, avitumie video na alama zake. Ahudhurie kambi moja ya siku moja, katika chuo kilicho karibu, ambacho kocha wake atakuwa amemjibu kwa jina. Mwakani, mkono ukiongezeka nguvu, tutazungumza upya juu ya maonyesho makubwa.

Shemeji hakufurahi, na simlaumu. Baba anayeendesha lori usiku kucha hataki kuambiwa kwamba amenyima mtoto wake mlango. Kijana mwenyewe hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja na daftari, akaniuliza, "Mjomba, barua ya kwanza niianze vipi?" Tuliiandika pamoja. Katika barua 20 alijibiwa 5, na katika hizo 5, mbili zilimtaja kwa jina. Moja ilitoka chuo kilicho mwendo wa saa moja kutoka kwao. Mwezi wa Julai alikuwa Mombasa, mkono umepumzika.

Iwapo atacheza chuoni ama la, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ninachowaambia wazazi wenzangu, wa Ohio na wa huku Pwani pia ambako watoto wetu nao wameanza kuitwa kwenye majaribio ya kandanda ya kulipia, ni hiki: msikimbilie kulipa kwa sababu jirani amelipa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Muulize kwanza mtoto ana nini, kisha nani anakitaka, kisha ndipo mtie mkono mfukoni.